Waraka Unapoharibika Ukigeuzwa Kuwa PDF: Sababu na Tiba

Tasnifu imekamilika. Msimamizi ameipitia, tanbihi zimekaa mahali pake, yaliyomo yamepangwa. Frateri anaigeuza kuwa PDF na kuituma, na kesho yake anaambiwa kwamba maneno ya Kigiriki yanaonekana kama visanduku vitupu, na kwamba mbele ya vichwa vya sura pameandikwa neno "Error". Parokiani nako, mweka hazina anatuma taarifa ya matoleo ya mwezi, na wanakamati wanakuta alama za #### mahali palipotakiwa kuwa na fedha.

Mambo haya huwaudhi wengi, na wengi hudhani kwamba kompyuta "imechanganyikiwa". Sivyo. Karibu kila kasoro ya namna hii ina sababu inayojulikana, na tiba yake haihitaji fundi. Makala hii inaeleza kasoro zinazojitokeza mara nyingi, chanzo chake, na namna ya kuziondoa. Kwa kuwa kompyuta nyingi tunazotumia zina menyu za Kiingereza, majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Tofauti kati ya waraka wa Word na PDF

Faili la Word ni kama maelekezo ya mapishi. Linasema: hapa weka fonti fulani, hapa acha nafasi kiasi hiki, hapa anza ukurasa mpya. Kila kompyuta inayolifungua hupika upya kwa viungo ilivyonavyo. Ikikosa fonti iliyotajwa, huweka nyingine inayofanana nayo. Ndiyo maana waraka wenye kurasa 60 seminarini unaweza kuwa na kurasa 63 ukifunguliwa stesheneri mjini.

PDF ni chakula kilichokwisha kupakuliwa. Mpangilio wa kila herufi na kila picha umekwisha kuamuliwa. Hilo ndilo lilikuwa lengo tangu mwanzo: mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe, alipendekeza mfumo ambao waraka ungeonekana vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye printa yoyote. PDF ilitolewa mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 32000.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja ya msingi. Kwa kuwa PDF huhifadhi kile kilichokuwapo wakati wa kugeuza, hugandisha mazuri na makosa pia. Hivyo usihangaike kuirekebisha PDF yenyewe. Rudi kwenye waraka wa awali, ondoa kasoro, kisha geuza upya. Na mara zote geuza kwenye kompyuta ileile uliyoandikia, kabla ya kwenda stesheneri. Ukibeba faili la Word kwenye flashi ukitegemea kwenda kuligeuza huko, umeruhusu jiko jingine lipike.

Njia unayotumia kugeuza

Kwenye Word, kuanzia toleo la 2010, njia iliyo bora ni "File", kisha "Save As" au "Export", halafu kuchagua PDF. Njia hii huhifadhi viungo vya intaneti, na ukibonyeza "Options" unaweza kuomba vichwa vya sura viwe orodha ya pembeni ambayo msomaji huibonyeza ili kufika anapotaka. Wengine hupitia "Print" na kuchagua "Microsoft Print to PDF". Ukurasa utaonekana vizuri, lakini viungo na orodha hiyo hupotea, kwa sababu kompyuta imedhani inachapa kwenye karatasi. Kwa tangazo la ukurasa mmoja si neno. Kwa tasnifu ni hasara.

Asiye na Word anaweza kutumia LibreOffice, programu ya bure, yenye "Export as PDF" ndani ya menyu ya "File". Simu nayo inaweza kugeuza, lakini simu ina fonti chache kuliko kompyuta, kwa hiyo itumie kwa nyaraka nyepesi tu.

Herufi zinapobadilika au kuwa visanduku

Kasoro hii hutokana na fonti. Matoleo mapya ya Word huanza na fonti iitwayo Aptos, ilhali yale ya kuanzia 2007 huanza na Calibri. Waraka ulioandikwa kwa Aptos ukifunguliwa kwenye kompyuta ya zamani isiyo na fonti hiyo, itawekwa nyingine, upana wa maneno utabadilika, na mistari itasogea. Kwa kazi itakayopita mikono mingi, chagua fonti iliyoenea kama Times New Roman.

Kwa wanaosoma Maandiko Matakatifu kuna tatizo jingine. Zamani maneno ya Kigiriki na Kiebrania yaliandikwa kwa fonti maalumu kama SPIonic, ambazo kwa kweli zilikuwa herufi za Kilatini zilizovalishwa sura ya Kigiriki. Fonti ile ikikosekana, vazi huvuka, na msomaji huona herufi za Kilatini zilizochanganyika na alama zisizoeleweka. Siku hizi iko Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake yenyewe. Tumia fonti za Unicode kama SBL Greek na SBL Hebrew, ambazo Society of Biblical Literature huzitoa bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Ukinakili dondoo kutoka tasnifu za zamani, usibadilishe fonti tu. Liandike neno upya, kwa maana ndani yake bado ni Kilatini.

Hakikisha pia kwamba fonti zimepachikwa ndani ya PDF. Kwenye Word, baada ya kuchagua PDF, bonyeza "Options" na uweke tiki kwenye mstari unaotaja "PDF/A" au "ISO 19005-1". Hii ni aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu za kudumu, na sharti lake mojawapo ni kwamba fonti zote ziwe ndani ya faili. Tasnifu inayokwenda maktaba, au historia ya parokia inayotakiwa kusomeka miaka 50 ijayo, inafaa kuwekwa hivyo. Kuthibitisha, ifungue PDF kwa Adobe Acrobat Reader, nenda "Properties", kisha "Fonts". Kila fonti iwe na neno "Embedded" kando yake.

Kurasa zinaposogea au kuongezeka

Kwanza angalia ukubwa wa karatasi. Sisi tunatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kwa karibu sentimita 2. Ukiandika kwenye Letter na kuchapa kwenye A4, ama pambizo zitaharibika ama printa itapunguza maandishi. Nenda "Layout", kisha "Size", chagua A4, na ufanye hivyo kabla hujaanza kuandika.

Pili, angalia namna ulivyoanza kurasa mpya. Wengi hubonyeza "Enter" mara kumi na tano hadi sura mpya ifike juu ya ukurasa unaofuata. Ukiongeza aya moja mbele, kila kitu kinasogea na sura inaangukia katikati. Badala yake, bonyeza "Ctrl" pamoja na "Enter" mara moja tu, na sura itaanza ukurasa mpya hata ukiongeza nini.

Tatu, PDF ikitokea na ukurasa mtupu ambao hukuuona kwenye Word, huenda waraka una mkato wa sehemu wa aina ya "Odd Page", unaolazimisha sura ianze kwenye ukurasa wenye namba witiri. Kwa kitabu kitakachochapwa pande mbili jambo hilo ni sahihi. Kwa waraka wa kusomwa kwenye simu, ubadilishe uwe "Next Page".

Yaliyomo yanapoandika "Error"

Ukiona maneno "Error! Bookmark not defined" kwenye yaliyomo, Word inakuambia kwamba imetumwa kutafuta kichwa ambacho hakipo tena. Pengine kilifutwa, au aya yake ilibadilishwa. Word inaweza kusasisha sehemu hizi wakati wa kuchapa au kugeuza, kwa hiyo makosa yasiyoonekana wakati unaandika hujitokeza kwenye PDF.

Tiba ni hii. Hakikisha kila kichwa cha sura kimepewa mtindo wa "Heading 1" na vichwa vidogo "Heading 2", badala ya kukoleza wino tu. Kisha chagua waraka wote kwa "Ctrl" na "A", bonyeza "F9", na ukubali kusasisha orodha yote. Pitia yaliyomo mstari kwa mstari. Palipobaki "Error", futa orodha hiyo na uiunde upya kupitia "References". Fanya hivyo kabla ya kugeuza.

Majedwali ya fedha

Kanuni ya 1287 ya Sheria za Kanisa, ibara ya pili, inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini juu ya yale waamini waliyoyatoa, kwa kufuata sheria ya mahali. Taarifa isiyosomeka haitimizi lengo hilo, na mbaya zaidi huzaa minong'ono.

Alama za #### kwenye Excel hazimaanishi kwamba hesabu imekosewa. Maana yake ni kwamba safu ni nyembamba na tarakimu hazienei. Kwenye Excel ungeweza kuipanua, lakini kwenye PDF alama hizo zimeshaganda. Kabla ya kugeuza, chagua jedwali lote na ubonyeze mara mbili kwenye mpaka kati ya herufi mbili za juu ya safu, zitajipanua zenyewe.

Kasoro ya pili ni jedwali kukatika: majina ya jumuiya yako ukurasa wa kwanza, jumla iko ukurasa wa nne peke yake. Geuza karatasi ilale kwa "Landscape", kisha kwenye "Print" uchague "Fit All Columns on One Page". Kama jedwali lina safu nyingi mno, herufi zitakuwa ndogo kama punje za ulezi. Hapo ni heri kuligawa, miezi sita kwa sita. Kwenye "Print Titles" unaweza kuagiza mstari wa vichwa ujirudie kila ukurasa, ili mzee wa kigango anayesoma ukurasa wa tatu asihitaji kurudi nyuma kuona safu ipi ni ya zaka na ipi ni ya ujenzi.

Faili zito lisilotumika

Gmail ya kawaida hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, na muumini anayenunua bando la siku hatafurahi kupakua jarida la parokia lenye uzito huo. Chanzo karibu mara zote ni picha. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, na kuipunguza kwa kuvuta pembe zake ndani ya Word hakuipunguzii uzito. Bonyeza picha, nenda "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa tiki kwenye "Apply only to this picture" ili zote zipungue, na uchague pikseli 150 kwa inchi, kiwango kinachotosha kwa kusoma kwenye kioo na kwa uchapaji wa kawaida. Wakati wa kugeuza, "Minimum size" hupunguza zaidi.

Kugeuza kunapogoma kabisa

Word ikikataa kuhifadhi PDF, jiulize maswali manne. Je, PDF ya zamani yenye jina lilelile iko wazi kwenye programu nyingine? Ifunge. Je, jina la faili lina alama zisizoruhusiwa? Windows haikubali mkwaju, nukta mbili, nyota wala alama ya kuuliza, kwa hiyo "Taarifa 12/5" haitapita. Andika "Taarifa 12-5". Je, flashi imejaa au imefungwa isiandikwe? Hifadhi kwanza kwenye "Desktop", kisha nakili. Je, waraka una picha iliyoharibika? Geuza kurasa 1 hadi 20, kisha 21 hadi 40, hadi uone sehemu inayogoma. Ndani ya sehemu hiyo ndimo kilimo kisababishi. Kiondoe na ukiingize upya.

Siri inayovuja bila kukusudia

Kasoro tulizotaja hadi sasa hupoteza muda. Hii inaweza kumdhuru mtu, na kwa sababu hiyo inastahili uangalifu kuliko zote.

Ofisi za parokia na za seminari huandika mambo mazito: barua kuhusu uhalali wa ndoa, tathmini ya mseminari inayokwenda kwa Askofu, taarifa za afya, majina ya familia zinazosaidiwa na Karitasi. Kanuni ya 220 inakataza kuharibu sifa njema ya mtu bila haki na kuvunja haki yake ya kutunza faragha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Njia ya kwanza ya kuvuja ni masahihisho. Kama waraka ulipitiwa na watu wawili kwa kutumia "Track Changes", maneno yaliyofutwa na maoni ya pembeni yanaweza kutokea kwenye PDF. Fikiria barua kwa wazazi ambayo pembeni bado ina maoni ya mlezi mmoja kwa mwenzake. Nenda "Review", kubali au kataa kila badiliko, na ufute maoni yote. Kisha kwenye "Options" za kugeuza, hakikisha umechagua "Document", si "Document showing markup".

Njia ya pili ni wino mweusi. Watu huficha jina kwa kulichorea mstatili mweusi au kulipaka rangi nyeusi, kisha hugeuza kuwa PDF. Jicho halioni kitu, lakini maandishi bado yapo chini yake. Jaribu mwenyewe: fungua PDF hiyo, chagua yote kwa "Ctrl" na "A", nakili, ubandike kwenye Notepad. Jina litatokea wazi. Njia salama ni kulifuta jina kwenye nakala ya Word, uandike "jina limehifadhiwa", halafu ndipo ugeuze.

Njia ya tatu ni taarifa zilizojificha. Kila faili hubeba jina la mwandishi na kichwa cha habari, na mara nyingi ni vya waraka wa zamani uliotumika kama kiolezo. Barua ya leo inaweza kubeba kichwa cha kesi ya mtu mwingine. Kwenye "File", "Info", "Check for Issues", bonyeza "Inspect Document" na uondoe kisichotakiwa.

Njia ya nne ni tovuti za kugeuza bure. Ukipandisha waraka huko, umeukabidhi kwa kompyuta ya mtu usiyemjua, na ahadi kwamba utafutwa baada ya saa kadhaa huwezi kuikagua. Kwa ratiba ya kwaya hakuna ubaya. Kwa jambo la siri, usithubutu. Kama ni lazima utumwe, weka neno la siri kupitia "Encrypt the document with a password", kisha mwambie mpokeaji neno hilo kwa kumpigia simu, si kwa kuliandika kwenye barua pepe ileile.

Ukaguzi kabla ya kutuma

Ukishageuza, usitume papo hapo. Fungua PDF yenyewe, si Word, na uangalie mambo haya:

1. Idadi ya kurasa ni ileile ya waraka wa awali.
2. Yaliyomo hayana neno "Error", na namba tatu au nne ulizozijaribu zinaelekeza kweli.
3. Maneno ya Kigiriki, Kiebrania na alama maalumu yanasomeka.
4. Majedwali hayana #### wala hayajakatika.
5. Hakuna maoni ya pembeni, na lililofichwa halinakiliki.
6. Uzito wa faili unafaa kwa mpokeaji.
7. Jina la faili linaeleweka, kwa mfano "Tasnifu-Sura-1-hadi-4", si "final final mpya 2".

Halafu itume kwenye simu yako mwenyewe au ya mwenzako na uifungue huko. Ikisomeka vizuri kwenye kompyuta isiyo yako na kwenye simu, itasomeka kwa mpokeaji. Na waraka wa Word usiufute: utauhitaji siku utakapoombwa kurekebisha neno moja. Uhifadhi mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye flashi isiyozungukazunguka stesheneri.

Ukaguzi huu huchukua dakika kumi. Ni dakika ambazo mweka hazina anawapa waumini waliotoa senti zao, na karani anampa mtu ambaye jina lake liko ndani ya barua, hata kama mtu huyo hatajua kamwe kwamba lilitunzwa.